Shimo la Uji: Jengo ambalo manusura walikataa libomolewe

Mwaka 2013 paa lilivuja. Kisa ninachotaka kukichambua kinaanzia hapo, kwenye maji yaliyopenya juu ya jengo kuukuu la matofali mekundu mjini Brantford, Ontario, nchini Kanada, yakashuka na kuharibu dari, kuta na sakafu. Mwenye jengo lolote akipata hasara ya namna hiyo huita fundi na kuuliza bei. Wenye jengo hili iliwabidi waulizane kwanza: hivi linastahili kutengenezwa?

Jengo lenyewe ni Mohawk Institute, shule ya bweni iliyodumu kuliko zote katika zile zilizowekwa kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada. Ilianza 1828 ikafungwa 1970. Watoto waliletwa hapo wavuliwe lugha, majina na desturi za kwao, na shule nyingine nyingi zilizofuata nchini ziliiga mtindo wake. Na mwaka huo wa 2013, wenye jengo walikuwa ndio wale wale waliolala kwenye mabweni yake wakiwa wadogo, sasa wazee, pamoja na watoto na wajukuu wao: jamii ya Six Nations ya Mto Grand.

Ingekuwa rahisi kuyaachia maji yamalize kazi. Miaka kumi ya mvua na theluji ya Ontario, jengo lingejilalia lenyewe, na hakuna ambaye angelaumiwa. Badala yake Woodland Cultural Centre, kituo cha utamaduni kinacholisimamia, kikaitisha maoni ya jamii. Zaidi ya asilimia 98 ya waliojibu walisema litengenezwe.

Nimekuwa nikirudi kwenye takwimu hiyo mara kwa mara. Mtu aliyechapwa ndani ya nyumba, akafungiwa kwenye kijistoo chini ya ngazi, akakatazwa kusema na dada yake wa kuzaliwa naye, unamuuliza kama nyumba hiyo ibaki, naye anakwambia ibaki. Kwa nini?

Walichokiita uji

Kwetu uji ni chakula cha mgonjwa, cha mzazi aliyetoka kujifungua, cha mtoto anayeachishwa ziwa, cha futari. Uji ni mkono wa mama. Manusura wa Mohawk Institute wakilitaja neno hilo wana maana nyingine kabisa. Shule yao waliibatiza Mush Hole, yaani Shimo la Uji, kwa sababu ya uji mzito wa oti waliopewa siku baada ya siku, na wengi wanasimulia kwamba ulikuwa na wadudu. Wakati huo huo shule ilikuwa na shamba. Kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, kuku, na miti ya matofaa iliyozaa hadi matawi yakainama. Watoto walikamua, walilima, walichuma. Mazao yakauzwa. Aliyekutwa na tofaa aliloliiba kutoka kwenye mti aliouhudumia mwenyewe alikula mkanda.

Nusu siku darasani, nusu siku kazini: huo ndio uliokuwa utaratibu, na si hapa tu bali katika shule nyingi za aina hii. Wavulana upande wao, wasichana upande wao. Wengi walijulikana kwa namba. Lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mwanzoni wapo viongozi wa jamii hii walioitaka shule. Wengi wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa sita ya Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, walikuwa washirika wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Uingereza iliposhindwa, walipoteza ardhi zao za kusini, na mwaka 1784 wakaahidiwa ardhi kando ya Mto Grand, maili sita kila upande wa mto. Kanisa lao dogo la mbao, lililojengwa 1785, bado limesimama, si mbali na shule. Watu waliojua kwamba ardhi huchukuliwa kwa karatasi walitaka watoto wao wajue kuzisoma karatasi hizo. New England Company, jumuiya ya kimisionari iliyoundwa Uingereza mwaka 1649, ikawafungulia shule ya kutwa iliyofundisha pia ufundi. Miaka michache baadaye, 1831, wanafunzi wakaanza kulazwa hapo hapo. Waliomba elimu, wakapokonywa watoto.

Na hawakukaa kimya, hapo ndipo kisa kinaponoga. Mwaka 1903 wanafunzi waliichoma shule moto. Jengo tunalolizungumzia, lile lililovuja, ndilo lililojengwa 1904 kuziba pengo la lile lililoungua. Miaka kumi baadaye baba mmoja wa Six Nations alimpeleka mkuu wa shule mahakamani kwa jinsi binti zake walivyoadhibiwa baada ya kutoroka, na mwaka 1914 akashinda, fidia ya dola 400. Hebu fikiria mwaka huo, na hali ya mtu wa asili mbele ya mahakama ya wazungu. Miaka sita tu baadaye, 1920, sheria ikabadilishwa ili serikali iweze kuwalazimisha wazazi kutoa watoto. Wengine walitoroka kwa miguu. Waliotoka Six Nations wenyewe walikuwa na kilomita chache tu za kwenda, lakini waliotoka mbali walifuata reli wakitumaini kwamba inaelekea kwao.

Matofali ya nyuma

Ukizunguka nyuma ya jengo, mbali na ngazi na nguzo za mbele zilizojengwa ili mgeni apendezwe, unakutana na ukuta wa kawaida kabisa. Matofali mekundu, chokaa kati yake. Sogea karibu. Kwenye uso wa tofali kuna mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni herufi: jina, au nusu ya jina, au herufi mbili za kwanza, pengine mwaka. Zimechongwa kwa msumari au kwa chochote chenye ncha alichokiokota mtoto. Nyingine ziko usawa wa kifua cha mtu mzima, nyingine chini zaidi, na urefu huo peke yake unakueleza umri wa mwandishi.

Mtoto anayeitwa kwa namba kutwa nzima anatafuta pembe isiyoonekana na kuandika jina lake mahali ambapo mvua haitalifuta. Sijui kama kuna msanii wa minara ya kumbukumbu anayeweza kubuni kitu kinachozidi hapo. Ninaamini ukuta huu ndio unaoeleza ile asilimia 98. Ukibomoa jengo, unayazoa majina hayo pamoja na kifusi.

Ndani, wakati wa ukarabati, mafundi walipofungua kuta na sakafu, walikuta vitu vidogo vidogo ambavyo watoto walivificha humo. Jengo lilikuwa limewatunzia siri zao miaka yote hiyo. Kwa hiyo walipoita kampeni yao "Okoa Ushahidi", ilipoanza 2014, hawakuwa wanatafuta jina la kuvutia wafadhili. Ushahidi ni neno la mahakamani, na jamii hii ilikuwa imeshazoea mahakama: mwaka 1998 manusura wa shule hii hii walifungua kesi ya pamoja dhidi ya serikali, kanisa na ile kampuni ya kimisionari. Walikataliwa ngazi za chini. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya Ontario ikakubali kesi yao iendelee kwa niaba ya wote. Uamuzi ule ulichangia kuisukuma serikali kwenye makubaliano ya kitaifa ya 2006, na ni makubaliano hayo yaliyozaa Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza historia ya shule hizi. Wengi huanza kuisimulia habari hii kwenye msamaha ambao Waziri Mkuu Stephen Harper aliuomba bungeni Juni 2008, kana kwamba serikali iliamka siku moja ikajisikia vibaya. Iliburuzwa.

Kubomoa pia ni haki

Nisieleweke vibaya, sisemi kila jengo la namna hii lingepaswa kubaki. Februari 2015, huko Alert Bay, kisiwani katika pwani ya British Columbia, manusura walikusanyika kuitazama shule ya St. Michael's ikivunjwa. Wapo waliorusha mawe. Wapo waliolia. Kwao jengo lile, lililosimama miongo minne baada ya kufungwa likiwakodolea macho kila walipopita, lilikuwa jeraha ambalo haliachwi lifunge. Kulivunja ndiyo ilikuwa ibada yao ya kumbukumbu.

Upande mwingine wa mkoa huo huo, karibu na Cranbrook, watu wa Ktunaxa walifanya jambo ambalo mara ya kwanza nililisoma nikadhani nimekosea. Shule ya St. Eugene waliigeuza hoteli, yenye kasino na uwanja wa gofu. Hoja iliyotolewa na mzee wao mmoja ilikuwa kwamba ikiwa utamaduni ulichukuliwa ndani ya jengo lile, basi na urudishwe kutokea humo humo. Leo wanalimiliki na linawaingizia kipato.

Jamii tatu, majibu matatu, na sioni hata moja iliyokosea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika visa vyote vitatu waliolala ndio walioamua. Tofauti, kwa maoni yangu, haitokani na nani aliumia zaidi. Inatokana na mambo yaliyotokea kati ya kufungwa kwa shule na siku ya uamuzi. Alert Bay jengo lilibaki kama lilivyo, likizidi kuchakaa mbele ya macho yao. Brantford, kituo cha utamaduni kilifunguliwa katika eneo hilo hilo mwaka 1972, miaka miwili tu baada ya shule kufungwa. Kwa hiyo hadi paa linavuja, Six Nations walikuwa wameishi na jengo hilo kwa miaka 40 kama wenyeji wake. Manusura walikuwa wameshaanza kuwatembeza wageni: hapa ndipo tulipokula chakula, huku kwenye chumba cha boila ndiko kulikofanyika mambo, kwa sababu mlio wa mitambo ulizima mayowe. Sauti ya kusimulia walikuwa nayo tayari. Walichopungukiwa ni paa.

Hili ni somo kwa yeyote anayefikiria mradi wa namna hii. Kura ya 98 kwa 2 haikuanguka kutoka mbinguni mwaka 2013. Ilikuwa imeandaliwa na miongo ya watu kuzoea kwenda pale kwa hiari yao.

Bati, mabomba na asbesto

Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipotoa miito yake 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, miwili ilihusu minara. Mwito wa 81 unataka mnara wa kitaifa Ottawa, mahali pa wazi panapoonekana. Wa 82 unataka mmoja kama huo katika kila mji mkuu wa mkoa, uwekwe kwa kushirikiana na manusura. Toronto imeitikia. Mbele ya ukumbi wa jiji, kwenye uwanja wa Nathan Phillips, ilifunguliwa mwaka 2024 bustani ya kumbukumbu, na ndani yake kuna kasa mkubwa wa jiwe. Kasa kwa watu wa huko ndiye anayeibeba dunia mgongoni. Ni pahali pazuri. Mfanyakazi wa ofisini anaweza kukaa hapo na chakula chake cha mchana, akatazama, akauliza.

Ila bustani huzinduliwa mara moja, mheshimiwa akakata utepe, picha zikapigwa. Jengo la 1904 halina tabia hiyo. Linadai. Kwanza paa. Paa lilipokwisha, kupasha joto na hewa. Halafu nyaya za umeme, madirisha, chokaa ya kati ya matofali, na asbesto, ambayo haigusiki bila mafundi wenye mavazi maalumu. Matembezi ya wageni yakasimamishwa kazi ikiendelea, ikabidi watu watembezwe kwa njia ya video. Fedha zilizohitajika zilipita dola milioni 20 za Kanada. Zikachangwa kwa serikali ya mkoa, serikali kuu, manispaa, makanisa, na watu binafsi waliotuma kidogo walichonacho.

Jambo moja linanikera hapo. Walioumizwa ndio walioachiwa kutembeza bakuli. Serikali iliyoendesha shule ile ilichangia, ndiyo, ila kwa mafungu, baada ya maombi, fomu na miaka ya kusubiri, kama vile inawasaidia watu na mradi wao. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano uko karibu. Mwaka ule ule wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wakongwe 5,228 wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na katika makubaliano hayo hayo ikaahidi kugharamia mnara wa kuwakumbuka walioteswa na wakoloni. Ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015. Unaweza kusema mengi juu ya makubaliano yale, na wengi walioachwa nje wameyasema. Lakini bili ya mnara ilikwenda kwa aliyetesa, tangu mwanzo, kwa maandishi. Brantford haikuwa hivyo.

Baada ya Kamloops

Mei 2021, jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc huko British Columbia ilitangaza kwamba rada ya kupenya ardhini imeonyesha mabaki ya watoto 215, tangazo ambalo baadaye lilirekebishwa kuwa dalili za makaburi takriban 200 yasiyo na alama, karibu na iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops. Nchi ikasimama. Watu wakapanga viatu vya watoto kwenye ngazi za makanisa na majumba ya serikali, jozi kwa jozi. Mwaka huo huo tarehe 30 Septemba ikawa sikukuu ya serikali kuu, Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano.

Brantford nako msako ukaanza. Manusura waliunda sekretarieti yao wenyewe kusimamia kazi, na vifaa vya rada, vinavyosukumwa kama mashine ya kukatia nyasi, vikaanza kupitishwa juu ya ardhi ya shule, ukanda baada ya ukanda. Ni kazi ya polepole. Rada haionyeshi mifupa. Inaonyesha kwamba udongo mahali fulani uliwahi kuvurugwa. Mengine hutafutwa kwenye kumbukumbu za kanisa na za serikali, na kwenye vinywa vya wazee.

Na hapo ndipo jina la ile kampeni lilipopata uzito mpya. Baada ya mshtuko wa 2021 ulifuata, taratibu, mkondo wa wakanushaji. Wapo waliosema kwa kuwa makaburi hayajafukuliwa basi hayapo, na wengine wakarukia kusema shule zenyewe hazikuwa mbaya kiasi hicho. Nilitarajia hoja hii imkasirishe kila mtu, nikashangaa ilivyopata wasikilizaji. Kasa wa jiwe hawezi kumjibu mkanushaji. Yeye ni heshima, na heshima hupewa na anayeamini tayari. Chumba kidogo chini ya ngazi kinamjibu. Ingia, geuka, pima urefu wako. Wale waliosema "litengenezwe" mwaka 2013 waliiona siku hii ikija kabla ya sisi wengine.

Waswahili wa Ontario wanaingiaje humu

Kilomita mia moja hivi kutoka Brantford ni Toronto, na njiani ni Hamilton. Katika miji hiyo utasikia Kiswahili sokoni, msikitini, kanisani, kwenye harusi: cha Mombasa, cha Dar, cha Bukavu na Bujumbura. Kila mwisho wa Septemba mtoto anarudi kutoka shuleni na kumwambia mama yake anataka fulana ya rangi ya chungwa. Mama anauliza ya nini. Huvaliwa tarehe 30 Septemba kuwakumbuka watoto wa shule za bweni. Asili yake ni Phyllis Webstad, aliyepelekwa shule ya bweni ya St. Joseph's Mission, British Columbia, mwaka 1973 akiwa na miaka sita, amevaa fulana mpya ya chungwa aliyonunuliwa na bibi yake. Walimvua siku ya kwanza, hakuiona tena. Mzazi aliyekulia Kenya enzi za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni haitaji maelezo marefu hapo.

Jambo la pili halisemwi sana. Tangu Juni 2021 kiapo cha uraia wa Kanada kimebadilishwa, kama Tume ilivyotaka katika mwito wake wa 94. Anayeapa sasa anaahidi kuzingatia sheria za nchi pamoja na katiba inayotambua haki za wenyeji wa asili na haki zao za mikataba. Maana yake, Mswahili anayeinua mkono wake wa kulia mbele ya hakimu wa uraia ameahidi jambo kuhusu ardhi ile ya maili sita kila upande wa mto. Wengi wetu tunakisoma kiapo kama dua ya kukariri, tunapiga picha na bendera, tunakwenda kula pilau. Safari ya saa moja na nusu kwenda Brantford ingemwonyesha mtu alichoapa.

Nini hakikwenda sawa

Kubwa kuliko yote ni muda. Kati ya paa kuvuja na milango kufunguliwa ilipita miaka 12. Aliyekuwa na miaka 70 alipoulizwa maoni yake, kama bado yuko hai, alifungua mlango akiwa na 82. Wengi hawakuufikia. Mradi unaoitwa wa manusura unapocheleweshwa na mizunguko ya bajeti, anayelipa riba ya ucheleweshaji ni manusura, kwa umri wake. Sioni namna ya kulilainisha hili.

La pili ni swali la wageni. Jengo la mateso likishatengenezwa vizuri, likawekwa taa na mabango, linaweza kugeuka kituo cha matembezi, mtu akatoka humo akanunua kahawa na kusahau. Waliosimamia kazi wanaonekana kuliwaza hilo, maana walikataa kulipamba. Simulizi za kwenye kuta ni za manusura, kwa maneno yao, na jina la Shimo la Uji halikufichwa kwa kuogopa kumuudhi mtu wa kanisa. Hata hivyo hatari ipo, na itaongezeka siku ambayo hakutakuwa na manusura hata mmoja wa kusimama mlangoni akasema "mimi nililala pale".

La tatu si kosa la mtu. Jengo linaweza kuthibitisha kwamba lugha ilichukuliwa, kuirudisha haliwezi. Kazi hiyo inafanyika pembeni, kimya kimya. Hapo hapo Six Nations, tangu 1999, kuna shule ya watu wazima inayoitwa Onkwawenna Kentyohkwa inayofundisha Kanien'kéha, lugha ya Wamohawk, kwa kuwazamisha wanafunzi ndani yake hadi mtu anatoka anaongea. Wahitimu wengine sasa wanalea watoto kwa lugha hiyo. Ukiniuliza mimi niweke wapi dola yangu ya mwisho, kwenye tofali au kwenye darasa lile, nitasitasita, halafu nitaiweka kwenye darasa. Nashukuru kwamba hawakulazimika kuchagua.

Karibu na jengo, manusura walisimamia pia kuanzishwa kwa bustani ya kumbukumbu, Mohawk Village Memorial Park. Walitaka pawe na mahali ambapo familia zitakaa na watoto watacheza, kwenye ardhi ile ile ambayo wao wakiwa watoto walilimishwa. Ziara yoyote ya huko isiishie ndani ya kuta. Uende na bustanini.

Jengo lilifunguliwa tena kwa umma tarehe 30 Septemba 2025. Paa ni jipya na halivuji, mabomba ni mapya, hewa ni safi. Ukuta wa nyuma uliachwa na majina yake. Mgeni akiinama kidogo, hadi usawa wa mtoto wa miaka minane, anayasoma.